Elena Aprile na ujasiri wa kusema "hatujaona"

Mwezi Juni 2020, wakati sehemu kubwa ya dunia imejifungia ndani kwa hofu ya korona, kundi la wanafizikia wanaotafuta maada ya giza, uzito wa ulimwengu usioonekana, lilitangaza namba mbili: 285 na 232. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya mimweko hafifu ya mwanga iliyonaswa ndani ya tangi la zenoni, gesi adimu iliyopozwa ikawa kimiminika, lililowekwa chini ya mlima Gran Sasso, katikati ya Italia. Ya pili ilikuwa hesabu waliyoitarajia endapo hakuna jambo jipya, ikiwa na nafasi ya kukosea 15 juu au chini. Mimweko 53 ilikuwa imezidi, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika imetoka wapi.

Kwa mtu wa kawaida 53 ni idadi ndogo. Kwa watu waliokesha miaka mingi wakilinda tangi ambalo halisemi kitu, ilikuwa kama kusikia hodi usiku wa manane. Wenyewe walitoa maelezo matatu. Huenda ni aksioni, chembe ambayo haijawahi kuonekana, inayotoka kwenye Jua. Huenda nyutrino, chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu, zina usumaku mkubwa kuliko tunavyodhani. Au huenda tangi lina uchafu wa tritiamu, haidrojeni yenye mnururisho, kiasi cha atomu tatu tu katika kila kilo ya zenoni. Soma tena hapo: atomu tatu katika kilo nzima. Hakukuwa na kipimo cha kuthibitisha wala kukanusha uchafu mdogo kiasi hicho.

Magazeti ya dunia yalichagua maelezo mawili ya kwanza na kuyapamba. Wananadharia nao waliandika, makala juu ya makala. Ila mwanzilishi na msemaji wa jaribio hilo, liitwalo XENON, Elena Aprile, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa na tangi jingine likiunganishwa chini ya mlima uleule. Ni kubwa zaidi, na kelele zake za ndani, yaani mimweko ya mnururisho wa kawaida, zimepunguzwa hadi takriban moja ya tano ya zile za mwanzo. Data zilikusanywa, zikafungiwa zisionekane mpaka kila mtu akubaliane kuhusu njia ya kuzichambua, kisha zikafunguliwa. Julai 2022 jibu likatoka: ziada haipo. Wengi sasa wanaelekeza kidole kwenye zile atomu tatu za tritiamu.

Ninaamini kwamba siku hiyo ya Julai 2022 ndiyo siku kubwa kuliko zote katika kazi ya mama huyu, na nasikitika kwamba haikuandikwa hata robo ya ilivyoandikwa ile ya Juni 2020. Watu walewale waliotangaza hodi ndio waliotoka nje na taa, wakazunguka nyumba nzima, wakarudi kusema: hakuna mtu.

Ili kupima uzito wa jambo hilo lazima tujue anatafuta nini. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliangalia kundi la galaksi liitwalo Coma akaona zinakimbia kwa kasi ambayo ingepaswa kulisambaratisha kundi zamani sana. Kuna uzito usioonekana uliokuwa ukizishikilia pamoja. Wengi walipuuza. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakachapisha vipimo vya galaksi jirani yetu, Andromeda: maeneo ya pembeni yanazunguka kwa kasi karibu sawa na ya ndani. Katika mfumo wetu wa Jua haiko hivyo. Neptune, iliyo mbali, inajikokota ukilinganisha na Zebaki. Kama pembezoni mwa galaksi hapapungui kasi, basi kuna uzito mwingi huko nje ambao hautoi nuru. Rubin ni yule ambaye Princeton haikuwa tayari kumpokea katika shahada ya juu ya astronomia kwa sababu ni mwanamke. Chuo kile hakikufungua mlango huo mpaka 1975.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna kipande chetu katika hadithi hii, na hakitajwi vya kutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Setilaiti hiyo ilionyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali mno. Gesi ya moto namna hiyo ingetawanyika kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, kama isingekuwa imeshikwa na uvutano. Jumlisha nyota zote na gesi yote, bado uzito hautoshi kuishika. Leo tunakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya maada yote ya ulimwengu ni hiyo isiyoonekana. Tumeiita maada ya giza, ingawa jina hilo linapotosha kidogo: giza huzuia nuru, na hii nuru inapita ndani yake kama haipo.

Aprile alizaliwa Milan mwaka 1954, akasoma fizikia Napoli, akafanya kazi yake ya kuhitimu huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, chini ya Carlo Rubbia, yule aliyepata Nobel mwaka 1984. Akapata udaktari Geneva mwaka 1982, akamfuata Rubbia Harvard, na mwaka 1986 akaajiriwa Columbia. Hayo ni ya wasifu. La kushika hapo ni kwamba tangu akiwa mwanafunzi alikuwa akishughulika na kitu kimoja: gesi ajizi zilizogandamizwa kwa baridi mpaka zikawa kimiminika. Alianza na argoni, akahamia zenoni. Kwa miaka mingi hakuwa anatafuta maada ya giza hata kidogo. Alikuwa anajenga darubini ya miale ya gama inayobebwa na puto hadi mahali hewa inapokaribia kwisha. Mwaka 2001 ndipo alipopeleka pendekezo la kutumia zenoni kuwinda maada ya giza, akiwa na miaka 47, umri ambao wengi huanza kulinda walichokwisha kupata.

Nalisema hili kwa sababu tumezoea kusimulia wanasayansi kama watu waliooteshwa ndoto utotoni. Aprile alikuwa fundi kwanza. Alikijua chombo chake kama nahodha wa jahazi anavyokijua chombo chake, kwa mlio wa mbao, kisha akauliza chombo hicho kinaweza kumfikisha wapi.

Na chombo chenyewe kinastahili kuelezwa. Zenoni imo hewani tunayovuta, ila haba: lita moja katika kila lita milioni 11 hivi za hewa. Ipoe hadi karibu nyuzi 95 chini ya sifuri, nayo inakuwa kimiminika kizito karibu mara tatu ya maji. Chembe ikigonga atomu ndani yake, panatokea mmweko mdogo wa mwanga, na elektroni chache zinabanduka. Nguvu ya umeme inazivuta elektroni hizo kwenda juu mpaka kwenye tabaka jembamba la gesi, na hapo unatokea mmweko wa pili. Muda kati ya mimweko miwili unakuambia tukio limetokea kina gani. Mpangilio wa mwanga kwenye macho ya elektroniki yaliyotandazwa juu unakuambia ni upande gani. Na uwiano wa mmweko wa kwanza na wa pili unakuambia nani kagonga: aliyeisukuma elektroni, kama afanyavyo mnururisho wa kawaida, au aliyekipiga kiini cha atomu, kama maada ya giza inavyotarajiwa kufanya.

Kwa hiyo ukijua kila tukio limetokea wapi, unaweza kutupa yote ya pembezoni, ambako uchafu wa kuta unapenya, ukabaki na kitovu cha tangi. Zenoni ya nje inakuwa ukuta wa zenoni ya ndani. Ndiyo maana ukubwa ni muhimu sana hapa: ukiongeza tangi, kitovu kinakua na kinazidi kutulia.

Shida ni utulivu. Dunia yetu ina kelele ambazo hatuzisikii. Ndizi moja, kwa sababu ya potasiamu yake, inatoa miali ya mnururisho kama 15 kila sekunde. Mwili wako unaosoma makala haya unatoa maelfu. Kutoka angani inanyesha mvua ya chembe usiku na mchana. Ndiyo sababu wanajificha chini ya mita 1,400 za mwamba, katika kumbi zilizochimbwa kando ya handaki la barabara kuu kati ya L'Aquila na Teramo. Magari ya mizigo yanapita upande mmoja, upande wa pili watu wanasubiri ulimwengu uzungumze. Mwamba ule unapunguza mvua ya chembe takriban mara milioni moja. Tangi lenyewe limezamishwa ndani ya pipa la maji lenye kimo cha mita 10. Kisha kila skrubu, kila waya, kila kipande cha chuma kinapimwa mnururisho wake kabla hakijaruhusiwa kuingia. Radoni, gesi yenye mnururisho inayotoka ndani ya vyuma vyenyewe inachujwa bila kukoma.

Ukiitazama kazi hii kwa karibu, unaona kwamba sehemu kubwa ya maisha ya Aprile imekuwa usafi. Nadharia kubwa na zawadi ni sehemu ndogo. Kazi ni kusafisha, kupima, kusafisha tena. Kwetu kazi ya namna hiyo inaonekana ya chini, na pengine ndiyo sababu hatuisimulii.

Matangi yamefuatana. XENON10, mwaka 2006 na 2007, ilikuwa na kilo kama 15 za zenoni. Ikafuata XENON100 yenye kilo 161 kwa jumla, kisha XENON1T yenye tani 3.2, na sasa XENONnT yenye tani 8.6, ambazo 5.9 kati yake ndizo zinazotazamwa. Washindani nao hawakulala: Wamarekani katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, na Wachina chini ya milima ya Sichuan. Kila tangi jipya limetoa jibu lilelile kuhusu maada ya giza. Hatujaiona.

Mtu atauliza: miaka zaidi ya 20, vichwa vya watu zaidi ya mia, mamilioni ya dola, halafu "hatujaiona"? Swali hili si la kijinga, na wanasayansi wanaolikwepa kwa kusema kwamba sayansi ina thamani yake yenyewe wanatudharau sisi tunaolipa kodi, popote tulipo. Jibu langu ninalipata katika mlima uleule, kwa mwanamke mwingine.

Rita Bernabei, wa Chuo Kikuu cha Roma Tor Vergata, ameongoza jaribio la DAMA humo Gran Sasso tangu miaka ya 1990. Jaribio lake hilo halikutegemea zenoni. Lilitumia fuwele za iodidi ya sodiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, na katika awamu ya DAMA/LIBRA zilifika kilo 250. Hoja yake ni nzuri, na mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko wengine. Jua letu linasafiri ndani ya galaksi kwa kilomita zaidi ya 200 kwa sekunde, kwa hiyo tunapaswa kupigwa na upepo wa maada ya giza usoni. Dunia nayo inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Juni mwendo wetu unaongezeana na wa Jua, na upepo unazidi, Desemba unapungua. Kama kaskazi na kusi, upepo huo unapaswa kuwa na msimu wake. Bernabei anasema ameuona msimu huo, mwaka baada ya mwaka, na takwimu zake zina nguvu ambayo haiwezi kuitwa bahati.

Tatizo ni kwamba hakuna mwingine aliyeuona. Matangi ya zenoni hayakuuona, lakini hapo mtu aliweza kujitetea kwamba zenoni si iodidi ya sodiamu. Basi wakatokea wengine na fuwele zilezile, ANAIS huko Canfranc nchini Hispania na COSINE-100 nchini Korea Kusini. Nao wamepima kwa miaka kadhaa, na msimu hawajauona.

Simdharau Bernabei. Kushikilia ulichokipima wakati dunia nzima inakukatalia kunahitaji moyo, na mpaka leo hakuna aliyeeleza kwa kuridhisha ni nini hasa kinachopanda na kushuka ndani ya fuwele zake. Lakini nikiwaweka kinamama hawa wawili bega kwa bega, Waitalia wote, mlima mmoja, naona sayansi imesogea zaidi kwa "hapana" ya mmoja kuliko kwa "ndiyo" ya mwingine. "Ndiyo" ya DAMA imebaki mahali pamoja kwa robo karne. Haimsaidii mwananadharia kuchagua njia. "Hapana" ya zenoni imefuta orodha ndefu ya chembe zilizokuwa zikipendwa sana, hasa zile nzito zinazogusana na atomu kwa nadra, ambazo miaka ya 1990 wengi waliamini zingepatikana muda si mrefu. Anayebuni nadharia leo lazima apite kwenye mlango mwembamba alioujenga Aprile na washindani wake.

Hapa niseme jambo langu mwenyewe. Kidato cha nne tulipewa uzi na kipande cha chuma tutafute mvutano wa Dunia kwa pendulumu. Kitabu kilisema 9.8. Mimi nilipata 8.6. Nikarudi nyuma kwenye jedwali, nikabadilisha sekunde, nikafika 9.79, nikapata alama zote. Darasa zima lilifanya hivyo. Tulikuwa na neno lake, kupika data, na tulilitamka bila haya. Hakuna aliyetuuliza uzi wetu ulikuwa unanyooka, au kama tulianza kuhesabu kabla ya wakati. 8.6 yangu ilikuwa na habari ndani yake kuhusu uzi ule, kuhusu mkono wangu, kuhusu saa ya kuazima, na niliifuta kwa kifutio. Nimeibeba aibu hiyo, na kila ninaposoma namba za Gran Sasso inanirudia. Ukipika mimweko 53, unapata umaarufu wa miaka miwili. Usipoipika, unapata atomu tatu za tritiamu, na njia bora ya kusafisha zenoni.

Wizara zetu zinapozungumzia kuongeza wasichana katika sayansi, picha inayoletwa ni ya msichana mwenye koti jeupe aliyevumbua kitu. Ningependa aonyeshwe pia Aprile mbele ya wenzake akisema kwamba dalili yao wenyewe imezimika. Msichana anayejua kwamba hilo nalo ni ushindi hatapika data.

Wala matangi hayakutoka mikono mitupu. Mwaka 2019 kundi lake lilichapisha katika jarida la Nature kipimo cha kuoza kwa zenoni-124, moja ya aina za zenoni. Nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni miaka 18 ikifuatiwa na sifuri 21, zaidi ya mara trilioni moja ya umri wa ulimwengu. Wakati huo lilikuwa tukio la polepole kuliko yote yaliyowahi kupimwa moja kwa moja. Hawakujenga tangi kwa ajili hiyo. Lilikuja kwa sababu tangi lilikuwa kimya kiasi cha kulisikia.

Nina wasiwasi mmoja, nao nausema kama mtu anayewatakia heri. Sasa makundi yaliyokuwa yakishindana yanaungana kupanga tangi la pamoja, XLZD, lenye zenoni ya kutazamwa ipatayo tani 60. Tangi la ukubwa huo litafika mahali ambapo nyutrino za Jua na za angani zitagonga viini vya zenoni mara kwa mara, kwa namna ileile ambayo maada ya giza ingegonga. Hutoweza kuziba nyutrino kwa mlima wala kwa maji; zinapita Dunia nzima bila kuguswa. Wenyewe wanaiita hali hiyo ukungu. Nadhani safari ya kuongeza tani juu ya tani inakaribia mwisho wake, na fedha za baada ya XLZD zigawanywe kwa wanaotafuta kwa njia nyingine, hasa wanaowinda chembe nyepesi zaidi ambazo zenoni ni nzito mno kuzihisi.

Ukungu wenyewe umeanza kuonekana. Julai 2024, mjini L'Aquila, mwendo mfupi kutoka mlimani, kundi la XENONnT lilileta namba mpya mbili. Safari hii walikuwa wamenasa matukio 37 ya aina ya kugongwa kwa kiini, pale ambapo kelele peke yake zingeleta kama 26. Ziada hiyo inalingana na nyutrino zinazotoka kwenye moyo wa Jua, pale atomu za boroni-8 zinapooza. Wachina wa PandaX walileta habari ileile wakati huohuo. Kwa mara ya kwanza matangi haya yalihisi chembe kutoka angani ikikisukuma kiini cha zenoni, mguso uleule ambao Aprile ameusubiri tangu 2001, na aliyegonga hakuwa maada ya giza. Uhakika wao ulifika sigma 2.73 (sigma ni kipimo cha jinsi jambo lilivyo mbali na bahati tu), wakati ugunduzi hudai sigma 5. Katika kichwa cha makala yao ya kisayansi waliandika "dalili ya kwanza".